Bipu Mbili za Kupanda

Bismillahi Rahmani Rahim. Masheikh wetu, wazee wa mtaa, majirani wa Isaka, wageni mliotoka Nyarugusu, Ushirombo na Kahama, mama zangu na dada zangu mlioko ndani, asalaam alaykum. Mimi ni Mwigulu Maige, kaka wa mjane na shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi hii huku ikijua kwamba mimi na marehemu hatukuwahi kukutana bila kutaniana, kwa hiyo nikiteleza mahali mnisamehe, ni utani uliobaki bila wa kuujibu. Tunaisoma historia hii hapa uani kabla jeneza halijaondoka, ili kina mama ambao hawatafika makaburini nao waisikie. Wengi wenu mnajua kwamba hii ni mara ya pili kwangu kumwandikia mtu huyu historia ya marehemu, ya kwanza niliiandika akiwa mzima wa afya, nitafika huko.

Marehemu Hamza Ibrahimu Akida alizaliwa tarehe 4 Juni 1963 hapa hapa Isaka, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ibrahimu Akida, aliyekuja bara kutoka Bagamoyo kufuata kazi ya kupakia mizigo ya reli na asirudi tena, na Bibi Limi binti Mageni, Msukuma wa Kishapu, ambaye ndiye aliyemfundisha lugha mbili kwa mpigo, Kisukuma cha kugombezea na Kiswahili cha kuombea radhi.

Alisoma madrasa tangu utotoni, akaanza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza mwaka 1977. Katika historia ile ya kwanza niliandika kwamba alikuwa hodari darasani, yeye mwenyewe akaniambia nilifute neno hilo, kwa kuwa wapo hapa watu aliosoma nao na hakutaka wacheke msibani, basi leo nasema tu kwamba alisoma akamaliza.

Mwaka 1978 alikwenda Kahama kujifunza useremala, akatengeneza milango na vitanda hadi mwaka 1992, alipowafuata rafiki zake kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, na huko hakuchimba, alikuwa fundi wa matimba, yaani yule anayetangulia kushuka duarani, ndani ya shimo la machimbo, kuweka magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie wachimbaji, na anayepanda wa mwisho akishahakikisha kwamba magogo yameshika. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na miwili, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, duara lililowekwa matimba na Hamza halikuwahi kumfunika mtu.

Tarehe 17 Agosti 1990, siku ya Ijumaa, alifunga ndoa na dada yangu Tabu binti Maige, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto, Amira, ambaye ni mwalimu Kahama, kisha pacha Kulwa na Doto, Kulwa akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga, na Doto ni huyu dereva wa lori mnayemwona hapa mbele. Ndoa yao ilikuwa ya mume Nyarugusu na mke Isaka, na mke wa mtu anayeshuka duarani kila siku ana swali moja tu, nalo halihusu dhahabu wala pesa ya sabuni, ni kutaka kujua kama jioni mumewe amepanda. Miaka ya mwanzo swali hilo lilijibiwa na madereva wa malori waliopita hapa, jibu likachelewa hata wiki nzima, na dada yangu alikonda akiwa mke kijana.

Mwaka 2004 marehemu alinunua simu mbili ndogo za tochi, moja yake na moja ya mkewe, wakawekeana desturi ambayo majirani wote wa mtaa huu wanaijua. Asubuhi kabla ya kushuka alimbipu mara moja, maana yake nashuka, jioni akitoka alimbipu mara mbili, maana yake nimepanda, na bipu hiyo ilikuwa haipokelewi, si kwa ubahili wa vocha peke yake kama nilivyokuwa nikimtania, ila kwa sababu walishakubaliana kwamba ikipokelewa imeharibika. Dada yangu alipika, alifua, aliuza vitumbua na alikwenda harusini na simu ile imefungwa kwenye pindo la kanga, na jioni ikilia ikakatika, ikalia tena ikakatika, ndipo alipoweza kula. Walioana kwa kadhi, lakini nathubutu kusema waliishi kwa bipu.

Sasa niseme habari ya msiba wa kwanza, ambayo marehemu aliagiza isirukwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ya simu yenye mnara kwenye kilima cha machimbo yao ilitangaza kwamba itazima mitambo ya zamani na kuweka mipya, na kwamba simu zisizo na uwezo wa mtandao mpya hazitashika tena eneo lile. Taarifa ilitumwa kwa ujumbe, tena zaidi ya mara moja, lakini nani kati yetu anasoma ujumbe wa kampuni ya simu, siku zote wanakuambia umekaribia kushinda pikipiki, kwa hiyo machimbo mazima yaliufuta ule wa mnara pamoja na ule wa pikipiki. Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi, marehemu alibipu mara moja akashuka, mchana mitambo ikazimwa, jioni akapanda, akabonyeza simu, haikushika, akadhani ni mambo ya mvua, akala ugali wake akalala.

Huku Isaka dada yangu alikuwa ameipata bipu ya kushuka, na ya kupanda haikuja. Alipiga akaambiwa namba haipatikani, akampigia Gregory, aliyefanya kazi na marehemu duara moja, hapatikani, akawapigia wengine wote aliokuwa na namba zao, hakuna aliyepatikana, maana wote walitumia simu za tochi kama yeye, simu janja haidumu kwenye matope. Ninyi mngefikiri nini? Tulifikiri duara limewafunika wote. Na kwa kuwa duara likianguka kuna wakati hata mwili hauonekani, kwetu watu hawasubiri mwili ndipo wakusanyike, kufikia Jumatano turubai la Bwana Firoz lilikuwa limefungwa hapa uani, sukari imeletwa, kina mama wameshaketi mikekani, Doto ametumwa Nyarugusu kumtafuta baba yake, nami nimepewa kalamu.

Doto alifika machimboni jioni, akamkuta baba yake ameketi juu ya gogo anakula muhogo, akasimama mbele yake analia asiweze hata kutoa shikamoo, na alipoweza kusema alimwambia, "Baba, nyumbani umekufa." Hapakuwa na mtandao wa kutuma habari hata kwa simu ya Doto, ambayo nayo ilikuwa ya tochi, wakalala, na alfajiri ya Alhamisi wakapanda pikipiki hadi Geita mjini, ambako mitambo ya zamani ilikuwa bado haijazimwa. Simu iliposhika Doto alimsihi apige haraka aongee na mama, marehemu akakataa, akasema maneno ambayo Doto ameniomba niyasome kama yalivyosemwa, "Nikipiga atadhani kuna mtu ameokota simu yangu anataka kumpa pole. Nikibipu atajua ni mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale penye pipa la maji, nawasomea wazee rasimu ya historia ili waikosoe, kina mama wanalia, na katika kilio kile simu ikalia kwenye pindo la kanga la dada yangu ikakatika, ikalia tena ikakatika. Alinyamaza, akasimama, akafunga kanga yake vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amepanda. Fungueni turubai." Shangazi zetu walimshika mikono wakidhani akili imeruka, na ilibidi nipige mimi ile namba, na mtu niliyekuwa nimemaliza kuisoma tarehe yake ya kuzaliwa akapokea na kunigombeza kwa nini napiga, nani amekufa. Nililia mbele za watu, mimi mtu mzima, na sioni aibu kulisema. Sukari ya msiba tuliinywea chai, na alipofika aliketi katikati yetu, akaniamuru nisome historia yake kuanzia mwanzo, akaikosoa yote, akaniambia nimemsifu mno uchaji na sijataja kabisa kwamba anajua kupika pilau. Anajua. Yaani, alijua.

Tangu siku hiyo dada yangu hakulala vizuri, akamwambia mumewe kwamba kama mnara umeondoka na yeye aondoke, na marehemu, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, alikabidhi kazi kwa Gregory na kurudi nyumbani moja kwa moja mnamo Septemba 2024. Ile simu ya tochi aliitundika ukutani chumbani, na umeme ukikatika aliitumia kuangazia njia ya msalani, akisema mtandao wameuzima lakini tochi ni yake.

Amira aliwanunulia wazazi wake simu janja, akawafundisha kupigiana za kuonana sura, na siku ya kwanza baba akaenda nayo sokoni akampigia mama, wakatazamana kwenye kioo, kila mmoja akamwona mwenzake amezeeka, wakakata. Kisha marehemu akabipu mara mbili kama zamani, na dada yangu, ambaye mwanzoni kidole chake kilipokea bila kukusudia, akajifunza kuiacha ikatike yenyewe. Tangu hapo alibipu kutoka msikitini, sokoni na kijiweni, kwa mtandao mpya, desturi ile ile ya mtandao wa zamani.

Mnamo Machi 2025 kikohozi kilizidi, madaktari wakatueleza kwamba mapafu yamechoka kwa vumbi la mawe la miaka mingi na kwamba wangempunguzia tu mateso. Tarehe 3 Novemba alilazwa hospitali Mwanza, Amira akamuuguza, na dada yangu, ambaye miguu haimruhusu safari wala ngazi, akabaki hapa Isaka na simu yake. Kila jioni marehemu aliomba simu, akabipu mara mbili, na kila jioni mama alikula chakula chake.

Jioni ya Jumatano, tarehe 12 Novemba, aliomba simu kama kawaida, akasubiri ilie upande wa pili, akakata, akamrudishia Amira. Amira alidhani amesahau kwa uchovu, akamwambia, "Baba, bado moja." Akamjibu, "Leo ni moja."

Huku nyumbani nilikuwa nimeketi na dada yangu, simu ikalia ikakatika, tukasubiri. Dada yangu alisubiri mpaka alipoelewa, ndipo akaichukua simu, akabipu mara moja kumrudishia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ile, akatawadha, akaswali. Chakula alichoandaa kilibaki mezani. Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, Amira akiwa amemshika mkono, na Amira alipopiga simu kutupa habari, mama yake alipokea na kumwambia kwamba baba yake alikwisha kumuaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka dakika ya mwisho, masheikh na waumini wa msikiti wetu, majirani wa Isaka ambao mmekuja kumlilia kwa mara ya pili bila kuuliza kama safari hii ni kweli, Bwana Firoz ambaye ametoa turubai lile lile, na wachimbaji wenzake kutoka Nyarugusu mkiongozwa na Gregory, mlioomba ninyi ndio mwingie kaburini kumpokea, kwa sababu mnasema miaka yote yeye ndiye aliyetangulia kushuka ili ninyi mshuke salama. Hatuwezi kumtaja kila mtu, Mwenyezi Mungu awalipe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na mimi shemeji yake, ambaye sijui kuanzia kesho nitamtania nani. Dada yangu ameniomba niseme mbele yenu kwamba simu yake itabaki kwenye pindo la kanga, tusimshauri aizime.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Shemeji Hamza, ya kushuka tumeipata. Ya kupanda tutaisubiri siku watakapofufuliwa waja wote, na Tabu ndiye atakayeisikia wa kwanza. Pumzika kwa amani, fundi, matimba yameshika.