Règles Iliyovunjika

Clémence alikuwa akimpeleka binti yake Marthe, mwenye miaka kumi na mitatu, hospitali kwa mara ya kwanza. Katika treni ya kutoka Nyunzu, wanawake wawili wa mbele yao walikuwa wakibishana tangu asubuhi.

"Muganga wa hospitali alimuuliza mutoto wangu kwa Kifaransa kama règles yake ya mwisho ilikuwa lini," alisema Mama Agathe, yule mnene. "Akajibu ilivunjika masomoni. Alizania ni ile ya kupigia mistari. Watu wote wakacheka. Tumbo lingali linamuuma, lakini hataki tena kurudi kule."

"Ungemwambia mbele kama wanaulizaga mambo ya damu ya mwezi," alijibu mwenzake mwenye kikapu cha kuku.

"Mimi mama yake? Ile njo kazi ya shangazi."

"Na shangazi iko wapi?"

"Alikufa."

"Basi mutoto angojee afufuke?"

Mama Agathe alikaza kitenge chake. Mama gani huyu, Clémence aliwaza kwa hasira.

Treni ilikuwa ikiingia Kalemie. Marthe akamvuta mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, damu ya mwezi njo nini?"

Treni ikasimama.

"Beba mufuko," Clémence alisema. "Tumefika."