Bodaboda Si Gari

Ndugu waombolezaji, marehemu Optatus Lameck Ndahani alizaliwa Mpwapwa tarehe 12 Machi 1986, mtoto wa tatu wa mzee Lameck na mama Emiliana. Mimi Hilda ni dada yake mkubwa. Nimeombwa nisome kwa upole, nitajaribu.

Akiwa na miaka saba, baba alimtuma kuhesabu ng'ombe. Akarudi na jibu: "Ishirini na mmoja, baba, na punda." Baba akacheka. "Punda si ng'ombe." Naye akasema, "Lakini anakula majani yaleyale."

Alisoma hukohuko Mpwapwa, kisha akasomea takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma, akahitimu mwaka 2011. Mwaka 2014 alifunga ndoa na Violeth, wakahamia Chang'ombe.

Kazini, kwenye ofisi ya mipango ya barabara, alitengeneza hesabu ya kompyuta: unaipa idadi ya vyombo vya moto barabarani, inakutabiria moshi na kelele za miaka ijayo. Mwaka 2022 ilionyesha kwamba malori yakipitishwa mbele ya shule ya watoto wake, walimu hawatasikika na watoto watakohoa. Mkuu wake akamwambia, "Toa safu ya bodaboda. Bodaboda si gari." Safu ile ikitoka, moshi unashuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Optatus alikataa. Wakaifuta wenyewe, ripoti ikaenda na jina lake juu, yeye akahamishiwa stoo ya mafaili. Malori yanapita mpaka leo.

Hili halimo kwenye karatasi mliyopewa: mkuu huyo yupo hapa, turubai la mbele, kavaa miwani ya jua. Karibu sana, mheshimiwa. Soda umeletewa?

Pumu ilimwanza mwaka 2023. Sisemi ni barabara. Daktari hakusema, nami sina kipimo. Alilazwa mara nne. Mara ya mwisho alimshika Violeth mkono: "Mama Castory, waambie warudishe safu yangu." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, wazazi wote wawili, ndugu wanne, na watoto wake Castory na Cecilia, ambao kesho kutwa wanarudi shule ileile.

Leo jeneza limesindikizwa na magari kumi na moja. Na bodaboda arobaini na tatu. Nimezihesabu mwenyewe, na moshi wake tumeuvuta sote.

Optatus, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Mheshimiwa, andika: arobaini na tatu.