Notisi ya Mwezi Mmoja

BIBI: Haloo? Haloo! Nani huyo anapiga simu pasi ikiwa moto?

MJUKUU: Shikamoo, Bibi. Ni mimi.

BIBI: Mimi nani? Nilikuwa na mume, jana kanikimbia na begi lake.

MJUKUU: (anacheka) Si uitikie shikamoo yangu kwanza!

BIBI: Marahaba. Umefika salama?

MJUKUU: Nimefika. Bibi, ile hesabu yangu ya kuacha kazi hapo kwako... mwenye nyumba anataka kodi kabla ya saa sita. Kuna mtu mwingine anakitaka chumba.

BIBI: Alaa! Hata hujaniuliza nimeamkaje, unadai tu, utafikiri—

MJUKUU: Umeamkaje?

BIBI: Peke yangu. Haya, tupige hesabu. Mshahara mpaka jana, huo wako.

MJUKUU: Na likizo. Mwaka mzima nakufulia, sijapumzika hata wiki.

BIBI: Na kule kulala juu ya mashuka ya wateja kunaitwaje?

MJUKUU: Bibi, bwana! Ile ilikuwa mara moj—

BIBI: Haya, likizo nakupa. Sasa makato.

MJUKUU: Makato gani tena?

BIBI: Notisi. Anayeondoka bila notisi anakatwa mshahara wa mwezi. Si wewe uliyenisomea sheria ya kazi, yule binti wa kukunja nguo alipoolewa? Ukasema sheria ni sheria.

MJUKUU: Ukikata mwezi sibaki na kitu. Chumba kinaenda.

BIBI: Basi rudi. Kitanda chako sijakitandua.

MJUKUU: Lakini notisi nilikupa!

BIBI: Lini? Simu inakwaruza, sema kwa—

MJUKUU: Mwezi uliopita! Ulikuwa unatia wanga mashuka ya nyumba ya wageni, nikakwambia nimepata kazi, mwezi ujao naondoka. Ukasema, "Mh."

BIBI: Sikusikia. Masikio yenyewe haya ya kizee.

MJUKUU: Yanayosikia sarafu za mteja akiwa bado mtaa wa pili?

BIBI: Nasema sikusikia!

MJUKUU: Sawa. Ila kesho yake nilikuta mashati yangu yote yamefuliwa, vifungo vimeshonwa, yamepigwa pasi na kukunjwa saizi ya begi. Nani alifanya?

BIBI: (anaweka pasi chini)

MJUKUU: Haloo? Bibi, upo?

BIBI: Nipo... Yalikuwa na makunyanzi.

MJUKUU: Bibi.

BIBI: Nilisikia! Usiku kucha sikulala. Haya, umefurahi?

MJUKUU: Sijafurahi. Na mimi nimekukumbuka, mke wangu.

BIBI: Niondolee maneno yako matamu. Ngoja... hivi vitufe navyo vidogo... nimetuma. Angalia.

MJUKUU: Imeingia. He! Bibi, hii imezidi.

BIBI: Kiinua mgongo.

MJUKUU: Si anapewa anayestaafu?

BIBI: Na ndoo zangu za maji zilibebwa na mgongo wa nani? Hebu kimbia ukalipe chumba, usinipotezee mteja hapa.

MJUKUU: Bibi, salio linaisha. Jumapili nakuja—

BIBI: Nani kakualika?

MJUKUU: Nakuja tu! Nikuletee nini?

BIBI: Lete mashati machafu. Yote. Na ole wako nisikie umempa dobi mwing—