Baba Alikubali, Jenerali Akakataa

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni kaka yangu, Jenerali Ewald von Kretlow. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1815 hapa hapa Kretlow, Pomerania, akiwa mtoto wa kwanza wa Meja Bogislav na Bibi Friederike. Mimi Mathilde ndiye niliyemfuata. Nimebishana naye maisha yangu yote na sikuwahi kushinda.

Alipofika miaka kumi na mmoja alipelekwa shule ya makadeti ya Kulm, kisha Berlin. Likizo ya kwanza alirudi akampigia mama saluti kabla ya kugusa viazi. Mama alicheka mpaka akatoka machozi. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mwaka 1833 aliingia jeshi la miguu. Alipigana vita vya 1866 na vya 1870, akajeruhiwa bega, hatimaye akakabidhiwa brigedi. Askari walimwogopa, lakini walimpenda, kwani hakula kabla yao.

Mwaka 1843 alimwoa Ulrike von Podell, baada ya kusota akisubiri kibali. Si mnajua, kwetu ofisa haoi bila ruhusa ya mfalme, na ombi lazima lipite kwa mkuu wake. Walijaliwa binti mmoja, Jutta. Ulrike alitangulia mwaka 1868.

Mwaka 1873 Kapteni Joachim Rehbein, wa brigedi hiyo hiyo, alimposa Jutta. Marehemu alifungua mvinyo, akamkumbatia kijana. Kesho yake ombi lilipofika mezani kwake, akalikataa! Eti asionekane anampendelea mkwewe.

"Kaka, si jana umekubali?" nikamuuliza.

"Jana alikubali baba. Leo amekataa jenerali."

"Basi huyo baba amwambie huyo jenerali aache upuuzi!"

"Baba hana cheo cha kumwamuru jenerali, Mathilde."

Kapteni akaomba uhamisho. Akakataliwa pia, kwamba huo nao ni upendeleo. Jutta amesubiri mpaka leo. Jamani, mtu huyu alituchosha!

Tarehe 3 Novemba 1878 alikagua gwaride kwenye mvua bila koti, kwa sababu askari hawakuwa na makoti. Nilimpelekea lake, akalirudisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Homa ya mapafu ikamlaza.

"Baba, nakuomba," Jutta alimwambia akimshika mkono.

"Mimi nilishakubali, mwanangu. Tangu siku ile," akajibu huku analia. Lakini kalamu hakuishika.

Alifariki tarehe 19 Novemba. Hasira yangu haijaisha, na nimemlilia kuliko nilivyodhani.

Ameacha dada mmoja, binti mmoja, na mkwe mmoja. Wewe Rehbein, mbona umejibanza nyuma na maofisa? Njoo usimame na wafiwa, hapa karibu na Jutta. Aliyekataa tunamzika; aliyekubali nilimsikia kwa masikio yangu. Mkuu mpya wa brigedi yupo hapa, naye amesikia.

Mungu awalaze pema wote wawili, baba na jenerali.