Bei ya Chini ya Kiti cha Kinyozi

Aliyenisimulia hadithi hii kwanza ni Mama Mkubwa, wiki tuliyopaka chokaa chumba cha nyuma, nami nimeitunza kama alivyoitoa. Mumewe, Baba Mkubwa, alikuwa kinyozi. Mwenye nyumba alikuwa amemtaka ahame kibandani mwisho wa mwezi, na kile kiti chake cha chuma, kizito kama ng'ombe aliyegoma, hakikuwa na pa kwenda. Siku ya kisa hiki, mnunuzi alitarajiwa. Tatizo ni kwamba Baba Mkubwa hakujua kukataa; mteja akisema "punguza", alipunguza mpaka mteja mwenyewe akaona haya. Kwa hiyo Mama Mkubwa alimpa sharti: akae kwenye benchi la nje na wenzake, wapange bei ya chini kabisa, na asishuke chini ya hapo hata kidogo. Kisha akaketi nyuma ya mlango akikunja mataulo, masikio wazi.

— Hesabu nyepesi, alianza Profesa, fundi saa. Bei ya juu ni laki tatu, ya chini ni sifuri. Kata katikati. Laki na nusu, basi.

— Hiyo si katikati? aliuliza Breki, dereva wa lori. Tumeulizwa chini!

— Kwa mtu mpole kama huyu, katikati ndiyo chini yake.

— Acha mambo yako. Kiti ni chuma. Kipime kilo, uza kama chuma chakavu. Zaidi ya hapo ni bahati.

— Na miaka niliyonyolea watu hapo? aliuliza Baba Mkubwa.

— Miaka haina uzito, kaka.

Bi Kahawa, mwenye birika, aliguna.

— Nyinyi mnamzamisha. Atangulize bei kubwa, kisha ashuke taratibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Anashuka huyo, Bi Kahawa! Kibaba kitajaa vipi? alidakia Breki.

— Kitajaa cha mnunuzi.

Profesa akainua kidole.

— Halafu mmesahau jambo. Sifuri siyo mwisho. Chini ya sifuri kuna hasi. Ukifika hasi, mnunuzi anabeba kiti, na wewe ndiye unayemlipa.

Baba Mkubwa alifikiri.

— Nimlipe kiasi gani?

Mama Mkubwa aliuma taulo asipige kelele.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye kofia ya jua. Akasalimu, akapewa nafasi benchini na kikombe cha mwisho cha kahawa. Alisikiliza, akanywa, akauliza:

— Samahani, baba. Ni bei gani ambayo ukiikosa, utabaki na kiti chako bila kinyongo?

Breki alichungulia kikombe chake kitupu. Profesa alihesabu vidole, akaukunja mkono. Bi Kahawa alitikisa birika, halikujibu kitu.

— Zote, alisema Baba Mkubwa.

— Zote?

— Taja yoyote, mwanangu. Nikiikosa, nitashukuru Mungu.

"Mtu ambaye hajawahi kukataa hata bei moja," Mama Mkubwa aliniambia, "akazikataa zote kwa mpigo. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani."

Yule mama akacheka.

— Mnunuzi ni mimi. Nina saluni pale karibu na kituo cha mafuta. Nafasi ninayo, kinyozi sina. Nilitaka kiti. Basi njoo nacho. Utanilipa kodi ya pembe yako kila mwezi.

Akataja kiasi. Wazee wote wakamgeukia Baba Mkubwa. Naye akakohoa, akanyoosha kola ya shati.

— Punguza, alisema.

Yule mama alipunguza. Kiti kilihamishwa kesho yake kwa lori la Breki.

Profesa na Breki wametangulia, na Baba Mkubwa akawafuata. Alinyoa mpaka mwezi wake wa mwisho. Bi Kahawa alihamia kwa bintiye na hatujapata habari zake. Mwenye saluni yu hai. Mama Mkubwa yu hai pia, na mataulo bado anakunja yeye.