Spéciose Kubwimana na Vitabu Tulivyovitupa

Waombolezaji wenzangu, kwa niaba ya familia, mimi Ildephonse, kaka mkubwa wa baba yake, nawasomea maisha ya binti yetu Spéciose Kubwimana, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo kamati ya jumuiya ilinisihi jana niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1981 huko Makamba, Burundi, akaanza shule hapohapo, akaikatiza mwaka 1993 vita vilipotukimbiza, akaendelea katika kambi ya Mtabila, Kigoma, ambako vitabu vya shule havikutosha, hivyo yeye na wenzake walisomea vitabu vya sala na nyimbo tulivyobeba kutoka nyumbani, vilevile ambavyo baadaye, nikiwa tayari na mvi, vilinifundisha na mimi kusoma.

Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa na Fiacre katika kanisa la kambini, wakajaliwa Armelle mwaka 2004, wakahamia Sydney Machi 2007, wakapanga nyumba Mount Druitt, na Adrien akazaliwa mwaka 2009.

Alifanya kazi ghalani Smithfield hadi mwaka 2013, alipoajiriwa na maktaba moja ya katikati ya jiji kupiga picha vitabu adimu, kazi ya kukilaza kitabu bila kukilazimisha kufunguka zaidi ya mgongo wake unavyoruhusu, kupiga picha ukurasa, kutazama kama kila herufi inasomeka, na ndipo kugeuza mwingine, na kila Jumamosi alivifanyia vivyo hivyo vitabu vyetu vya kambini, tulivyokuja navyo huku na kuviweka katika kabati la ukumbi wa jumuiya, bila malipo, huku baadhi yenu mkimtania, Mama Armelle, unaacha harusi kwa ajili ya karatasi zilizoliwa na panya, naye akicheka na kuwajibu kwamba hao panya wamesoma kuliko ninyi.

Februari 2025 aligundulika ana saratani ya kongosho, akalazwa akiwa amefika nusu ya kabati, na mwezi Juni ninyi wanakamati, mkiongozwa na mwenyekiti Abednego, mkitaka nafasi ya kuweka spika mpya za muziki, mkavitoa vitabu vyote, vilivyopigwa picha na visivyopigwa, mkavitumbukiza kwenye pipa la taka, eti vimeshaingia kwenye kompyuta, bila hata mmoja wenu kumpigia mgonjwa simu, ilhali miaka yote aliwaambia kwamba picha ni ya kukipumzisha kitabu, si ya kukizika.

Armelle alipomweleza, Spéciose hakulia, alitoa chini ya mto kitabu cha nyimbo alichoachiwa na mama yake mzazi, kimoja pekee kilichopona, ambacho nacho hakijapigwa picha, akaniambia, Baba Mkubwa, siku ya mazishi usinifunikie jambo hili, nami nikaahidi, naye akafariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa maktaba waliomwazima Armelle kamera, na kamati tunaishukuru kwa maua, lakini shauri lenu la kukiweka kitabu hicho ndani ya jeneza, mnaloliita heshima, familia imelikataa, kwa hiyo, ndugu Abednego, mkabidhi Armelle hicho kitabu ulichokiomba ukitie jenezani na bado umekishika, sasa hivi, mbele ya watu wote, kwani Jumamosi atakipiga picha palepale ukumbini, kisha kitarudi kabatini, na hizo spika zitahama.

Lala sasa, binti yetu, umepumzika wewe, kitabu kinabaki juu ya ardhi.