Historia ya Chiriku, Aliyelala Ameketi

Waombolezaji wapendwa, historia hii ni fupi kwa sababu maisha yenyewe yalikatwa mapema, na familia haikusudii kuipaka sukari.

Marehemu, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuza mkaa, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Juni 2013, akaanza shule ya awali Januari 2018, na mwalimu wake wa kwanza akambandika jina la Chiriku, kwa kuwa aliongea tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka, na hata akitolewa nje aliongea na mlango. Kuhusu kazi, ndoa na watoto hatuna la kusoma, alikuwa bado mwanafunzi.

Septemba mwaka jana alianza kukohoa, shingo ikavimba, akawa halali ila ameketi, ameegemea mgongo wa dada yake, aliyeacha shule kidato cha pili ili amuuguze. Tarehe 3 Oktoba tabibu wa zahanati, macho yakiwa kwenye simu, aliandika kwenye kadi neno moja, pumu, na tangu hapo hakuna aliyempima Chiriku, walipima kadi. Vituo vitatu, miezi minne, kila tabibu alinakili pumu ya mwenzake, na dada aliposema mtoto akilala chali anakabwa, aliambiwa aache kumdekeza. Inatia kinyaa.

Tarehe 11 Februari daktari wa watoto wa hospitali kubwa alimsikiliza Chiriku mwenyewe, ambaye sasa aliweza kusema maneno matatu tu kabla ya kutweta, kisha daktari akaagiza picha ya kifua apigwe ameketi, akaona uvimbe adimu, mkubwa kama ngumi, nyuma ya mfupa wa kifua, umebana njia ya hewa. Alisema hiyo ni dharura, akaanza dawa za kuupunguza siku ileile, na juu ya faili akaandika kwa wino mwekundu: ASILAZWE CHALI, ASIPEWE DAWA YA USINGIZI.

Tarehe 13, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha kipimo kikubwa cha picha, CT, daktari akiwa ameagiza asubiriwe, mpiga picha hakusubiri, akasema mashine yake haipigi mtu aliyekaa.

"Kaka, soma faili, huyu halazwi," dada alimsihi.

"Kadi inasema pumu. Kwani wewe binti umeishia darasa la ngapi?"

"La kutosha kusoma wino mwekundu."

Alicheka, akamtoa nje, akafunga mlango, na kupitia mlango huo dada alimsikia Chiriku akiyatumia maneno yake yote matatu: "Nikalishe, kaka, tafadhali." Daktari alifika mbio, akamwinua, akahangaika naye kwa saa nzima, pumzi haikurudi.

Karatasi ya kwanza ya kifo ilitoka ofisini imeandikwa pumu. Dada aliirudisha mara mbili, wakamwambia maiti haijali, mara ya tatu akaenda na daktari, na leo imeandikwa uvimbe wa kifua.

Familia inamshukuru daktari huyo, majirani walioleta mito mpaka ikajaa kitandani, na walimu waliokuja kumsomea nyumbani. Mpiga picha hatumshukuru.

Jeneza halina namna ya kuketi, kwa hiyo leo Chiriku analazwa chali, na mito miwili ya majirani dada yake ameiweka mwenyewe chini ya mabega.

Pumzika, mdogo wetu, upumue kwa amani.